Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wa Nairobi: tufundisheni Ufunuo kabla hajafika mwenye tarehe

Kwenu baba zetu maaskofu, makasisi na wachungaji, nanyi mama zetu mnaochunga makanisa ya jiji hili, pamoja na wakuu wa vyuo vinavyowaandaa wahubiri wetu,

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa ushirika wa nyumbani mtaani Kayole. Tunakutana kila Jumanne jioni, watu kumi na wawili hivi, wengi wao akina mama, kwenye sebule inayotosha wanane. Sijasomea theolojia. Nimefundisha Biblia miaka kumi na tisa kwa kusoma nilichoweza kupata na kuwauliza walionizidi. Nawaandikia kwa sababu ya dada mmoja wa ushirika wetu na cherehani yake.

Septemba 2025 mnaikumbuka. Video za mhubiri mmoja wa Afrika Kusini zilienea kwenye simu za watu, akisema ameonyeshwa kwamba Unyakuo, yaani Bwana kuwachukua walio wake juu kwake, ungetukia tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. Ndani ya matatu ulizisikia kutoka kiti cha nyuma, na sokoni ulizisikia kutoka kibanda cha mboga. Jumanne ya tarehe 23 ilikuwa siku yetu ya ushirika. Dada huyu, fundi wa nguo na mama wa watoto watatu, alifika kabla ya wote. Mkononi alikuwa na sufuria yangu aliyoiazima tangu matanga ya mwezi Juni. Alikuwa ameisugua kwa majivu mpaka masizi ya miaka yote yakatoka. Nilimshukuru, nikaiweka jikoni, na sikumwuliza kitu. Siku tano baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anarudisha vya watu.

Cherehani aliiuza wiki moja kabla. Ilikuwa ya kanyagio, nayo ilikaa barazani pa ploti yao chini ya mwavuli mkubwa kwa miaka mingi, hata leo sakafu ya saruji ina alama nne za miguu yake. Aliiuza kwa shilingi elfu saba. Msidhani alizitapanya. Alilipa deni la duka, akamaliza mchango wake wa chama, akamrudishia mteja mmoja malipo ya sare ambayo hakuwa ameishona. Alikuwa amesoma Warumi 13, kwamba tusiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana, akataka Bwana amkute hadaiwi. Mwanamke huyo si mjinga. Alilichukua Neno kwa uzito kuliko wengi wetu, na kwa uzito huohuo akapoteza kilichokuwa kikiwalisha watoto wake.

Wiki mbili kabla ya tarehe ile alimfuata mchungaji wake baada ya ibada, akamwuliza swali moja: "Mchungaji, hii tarehe ni ya kweli?" Mchungaji alikuwa anakimbilia kamati ya harusi. Akamgusa bega, akasema, "Tuzidi kuomba, dada." Tarehe ikapita. Jumapili iliyofuata mchungaji yuleyule alisimama madhabahuni akawacheka waliodanganywa na mitandao, na kanisa likacheka pamoja naye. Dada akamshika mtoto wake mdogo mkono, wakatokea mlango wa kando. Hajarudi pale.

Simtaji mchungaji huyo wala kanisa lake, kwa maana jibu alilolitoa ndilo linalotolewa kila mahali jijini. Nimeabudu katika makanisa matatu tofauti tangu nihamie Nairobi. Nimesikia mahubiri ya kufunga, ya ndoa, ya fungu la kumi, ya kuvunja laana za ukoo. Kitabu cha Ufunuo nimekisikia kikifunguliwa kwa mafundisho ya mfululizo mara moja tu, tena kikaishia sura ya tatu, barua kwa makanisa saba zilipokwisha. Kuanzia sura ya nne tumewaachia wahubiri wa bustani ya Jeevanjee saa ya chakula cha mchana, na wenye simu.

Ninachowaomba ni kwamba mfundishe. Tena mfundishe kwa kukiri waziwazi kwamba Wakristo wacha Mungu wametofautiana juu ya mambo haya tangu mwanzo.

Najua kukiri huko kunawatia hofu. Mchungaji mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukiwaambia kondoo kwamba wachungaji hawakubaliani, watatawanyika." Namheshimu, lakini njooni muone ploti yetu. Kuna familia ya Waadventista, kuna Wakatoliki, kuna Wapentekoste wa makanisa mawili, kuna mzee wa kanisa la Akorino. Wote huteka maji bomba moja. Huyu anasema Unyakuo utakuja kabla ya Dhiki Kuu, yale mateso makubwa ya siku za mwisho, yule anasema kanisa litapita ndani ya dhiki, na wa tatu hajawahi kusikia kanisani kwake neno Unyakuo likitamkwa. Kondoo wanajua kwamba hamkubaliani. Wasichojua ni kwa nini, na wala hawajaambiwa kwamba mtu anaweza kutofautiana na mwenzake juu ya hili na wote wawili wakabaki ndani ya imani.

Justin Shahidi, mmoja wa waandishi wa kwanza wa kanisa, alilisema jambo hili katika karne ya pili. Yeye aliamini kwamba Kristo atatawala Yerusalemu miaka elfu, sawa na wengi wa wakati wake, lakini akaandika wazi kwamba wako Wakristo wengi wenye imani safi wasioona hivyo. Karne zilizofuata, Agostino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliyekuwa ameiamini ile miaka elfu kama ilivyoandikwa, alibadili mawazo akafundisha kwamba elfu ya Ufunuo 20 ni picha ya wakati huu wa kanisa. Msomaji wa Kayole akijua kwamba mtu mkubwa kiasi hicho aliwahi kubadili mawazo juu ya sura moja, hatashtuka atakapokutana na jirani anayeisoma tofauti. Atauliza sababu.

Na mambo mengine tunayoyashika kana kwamba yalitoka kinywani mwa mitume yana umri mdogo kuliko tunavyofikiri. Mpango kamili wa nyakati niliofundishwa ujanani, ule wa Unyakuo wa kanisa kwanza, kisha miaka saba ya dhiki, kisha Bwana kurudi na watakatifu wake, ulipangwa na mhubiri John Nelson Darby miaka ya 1830 huko Uingereza na Ireland. Ukasambazwa sana na Biblia yenye maelezo ya mhubiri Mmarekani, Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ambayo maelezo yake yalichapwa ukurasa mmoja na maandiko yenyewe, na msomaji wa kawaida hakuona ni wapi Paulo anaishia na Scofield anaanzia. Wamisionari na shule za Biblia wakautawanya kote. Sisemi kwamba kwa kuwa ni mchanga basi ni wa uongo. Wanaoushika wana hoja zao, na Yohana 14, pale Bwana anaposema atakuja atukaribishe kwake, ni hoja nzito. Nasema tu kwamba mwanafunzi wangu ana haki ya kujua kwamba Wakristo walikufa kwa ajili ya Kristo kwa karne nyingi bila kuwa na mchoro huo ukutani.

Hebu niwaonyeshe jinsi lugha yetu wenyewe inavyoweza kutusaidia. 1 Wathesalonike 4:17 inasema tutanyakuliwa katika mawingu "ili tumlaki Bwana hewani". Nilipoufikia mstari huo katika ushirika, niliwauliza akina mama: kumlaki mgeni ni kufanyaje? Mmoja, mzaliwa wa Lamu, akajibu bila kufikiri: "Ni kumtokea njiani, mwalimu, umpokee mzigo, mje naye nyumbani." Ukienda stendi ya Machakos kumlaki mama yako aliyetoka ushago, hupandi basi lake ukaondoka naye. Mnarudi pamoja. Wanawali wa Mathayo 25 waliambiwa watoke wakamlaki bwana arusi, na walioingia waliingia pamoja naye arusini. Wapo wasomi wanaosema neno la Kiyunani alilolitumia Paulo lilikuwa na maana hiyohiyo, ya watu wa mji kumtokea mfalme na kumsindikiza ndani. Wapo wanaosema neno hilo halilazimishi maana hiyo. Tulibishana saa nzima, chai ikapoa. Hakuna aliyepoteza imani.

Jambo lililonigusa zaidi usiku ule ni la mama mmoja mjane. Alisema aya hizo huzisikia mahali pawili tu: makaburini Lang'ata, na barabarani zikitumiwa kutisha watu. Akauliza ni wapi zilikuwa zimekusudiwa. Tukarudi mstari wa 13. Paulo aliwaandikia wafiwa, wasihuzunike kama wasio na matumaini. Tukaenda mbele mpaka wa 18: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Akalia kidogo, kisha akasema wamemnyang'anya maneno yake. Mimi nakubaliana naye. Fungu lililoandikwa kumfariji mjane limefanywa fimbo, na wenye mamlaka ya kulirudisha mahali pake ni ninyi.

Mwaka 2019 watu wengi mitaani waliogopa kujiandikisha Huduma Namba, ule usajili wa serikali wa kila mtu, kwa sababu waliambiwa ndiyo alama ya mnyama wa Ufunuo 13. Baadaye ikawa chanjo ya korona. Kabla ya hapo ilikuwa mistari ya bei kwenye bidhaa. Mtu anaweza kuwa na sababu nzuri za kiraia za kuulizia taarifa zake zinakwenda wapi. Hilo ni swali la halali. Lakini juu ya 666, hesabu ya mnyama huyo, Irenaeo, askofu wa Lyon wa karne ya pili, alikwisha kutoa shauri. Alijaribu majina kadhaa ambayo herufi zake zingefikia hesabu hiyo, kisha akasema ni salama zaidi kungoja unabii utimie kuliko kukisia. Alijua pia kwamba nakala nyingine ziliandika 616. Wasomi wengi wa leo wanaona hesabu hiyo inaangukia jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania. Wanamatengenezo wa karne ya 16 walimwona mnyama katika upapa. Wengine wanamngojea mtu ambaye bado hajatokea. Wengine husema ni kila dola inayodai ibada ya wanadamu, ya jana na ya kesho. Je, kuna mchungaji kati yenu asiyeweza kuyaeleza haya kwa dakika kumi na tano? Yangeelezwa mwaka 2019, nadhani majirani zangu wawili wasingewaficha watoto wao siku za uandikishaji.

Tumeona pia mwisho wa njia hii. Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililokuwa limetangaza mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Aprili 2023 yakaanza kufukuliwa makaburi ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na miili iliyotolewa ikapita 400, watoto wengi wakiwamo. Watu waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Mambo ya hukumu ni ya korti. Serikali iliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nacho kikatoa ripoti mwaka 2024, na tangu hapo nimewasikia mkijadili usajili, vyeti na nani asimamie nani. Jadilini, ni wajibu wenu. Ila hakuna sheria ya Bunge itakayomweleza mama wa watoto watatu maana ya Danieli 8. Waliokwenda Shakahola walitoka katika makanisa. Walikuwa na maswali, na mtu mmoja alikuwa tayari kukaa nao na kuyajibu kila siku.

Kuna historia moja naipenda ambayo wengi wenu mliisoma chuoni, na nashangaa kwa nini haihubiriwi. Katika karne ya tatu, wilaya ya Arsinoe, Misri, ilikuwa imegawanyika kwa ajili ya fundisho la miaka elfu. Askofu mmoja wa huko, Nepos, aliyekwisha kufariki, alikuwa ameandika kitabu akisisitiza kwamba ahadi za Ufunuo zichukuliwe kama zilivyo, na vijiji vizima vilikishika mpaka makanisa yakaanza kujitenga. Dionisio, askofu wa Aleksandria, hakuwaandikia waraka wa kuwatenga. Alisafiri mwenyewe. Akawaita wazee na walimu wa vijijini, mbele ya ndugu wote waliotaka kusikiliza, wakaleta kile kitabu, akakaa nao siku tatu mfululizo kuanzia asubuhi mpaka jioni, wakikipitia.

Eusebio ametuhifadhia maneno ya Dionisio katika kitabu cha saba cha historia yake ya kanisa. Yanaanza kwa kumheshimu Nepos: anasema alimpenda kwa imani yake, kwa bidii yake, na kwa nyimbo zake ambazo ndugu walikuwa bado wanaziimba. Kisha anawasifu watu wa vijijini. Waliuliza kwa utaratibu, anasema, hawakung'ang'ania jambo kwa sababu tu waliwahi kulishika, wala hawakukwepa hoja ngumu. Mwishoni kiongozi wao, Korakioni, akasema mbele ya wote kwamba ameridhika na hatalifundisha tena. Na huyo Dionisio, juu ya kitabu chenyewe cha Ufunuo, alikiri kwamba kinapita ufahamu wake. Hakukikataa kwa kuwa hakukielewa.

Naomba mnisikie vizuri hapa. Sitaki ushindi wa upande wa Dionisio. Ndugu wengi wa Nairobi wanaisubiri miaka elfu kama Nepos, na wana Irenaeo upande wao. Ninachokitamani ni zile siku tatu. Askofu wa Aleksandria, mji mkubwa wa Afrika wa wakati ule, aliona inafaa kuketi na walimu wa vijijini tangu asubuhi hadi jioni. Kutoka katikati ya jiji hadi Kayole ni safari ya matatu moja.

Tena tarehe zinapoanza kuvuma, msingoje zipite. Mnayo mifano ya kutosha ya kuwaambia watu. William Miller, mkulima Mbaptisti wa Marekani, alichukua zile nyakati 2,300 za jioni na asubuhi za Danieli 8:14, akafanya kila siku mwaka mmoja, akahesabu kutoka mwaka 457 kabla ya Kristo. Wafuasi wake wakaishia 22 Oktoba 1844, kwamba ndiyo siku Bwana atakayorudi. Wapo wakulima walioacha mazao shambani bila kuvuna. Mmoja wa waliokuwapo aliandika baadaye kwamba walilia mpaka kukapambazuka. Baadhi ya waliolia usiku ule walirudi kwenye Maandiko, na kwao likatoka Kanisa la Waadventista wa Sabato, lililoundwa mwaka 1863 na kufika Gendia, hapa Kenya, mwaka 1906. Leo halipangi tarehe. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, naye alitangaza 21 Mei 2011 kwa redio na mabango, na siku ilipopita akasogeza hadi 21 Oktoba. Mwaka uliofuata aliomba radhi hadharani, akikiri kwamba kutaja tarehe ilikuwa dhambi. Hiyo radhi nayo ihubirini. Hapa kwetu mhubiri akikosea tarehe hubadilisha tu jina la kipindi.

Bwana alisema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Kila Mkristo wa Kayole anaujua mstari huo kwa moyo, na dada yangu aliujua. Alipomwonyesha rafiki yake aliyemtumia video, akajibiwa kwamba mstari umesema siku na saa, haukusema majira, na kwamba aliyeonyeshwa ameonyeshwa. Hapo ndipo alipohitaji mtu wa kumfungulia Matendo 1:7, ambako Bwana anataja nyakati na majira yenyewe kwamba si kazi yetu kuyajua. Ingetosha sentensi moja. Mchungaji alikuwa nayo kichwani, nina hakika, huku akiitazama saa.

Sitawapangia kalenda. Lakini mnajua majira ya Adventi yanavyokuja kila mwaka, na makanisa mengi huyapita kuelekea Krismasi bila kugusa kuja kwa pili. Jumapili nne hizo zingetosha kuanzia. Semeni kanisa lenu linashika nini, semeni wengine wanashika nini na kwa hoja gani, kisha semeni tunachokikiri sote: kwamba Kristo atarudi kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Wapeni watu nafasi ya kuuliza, kipaza sauti kishuke kwa waumini. Na aliyewahi kuamini tarehe, akauza, akaacha kazi, akatoa mtoto shuleni, akirudi apokelewe kama yule mwana mpotevu wa Luka 15, asifanywe mfano wa kuchekesha mimbarini.

Sisi wa Jumanne tumeanza kuchanga. Kuna cherehani iliyotumika, ya kanyagio vilevile, tumeipata kwa shilingi elfu tisa, na tumebakiza elfu mbili na mia tano. Dada amerudi kwenye ushirika tangu mwezi uliopita, anakaa karibu na mlango. Kwa ombi lake mwenyewe tutaanza Ufunuo sura ya nne Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu jioni. Amesema anataka mtu aliyesoma aje, na akubali kuulizwa. Mimi nimemwahidi kwamba nitawaandikia.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu wa ushirika wa Jumanne,
Kayole, Nairobi